Jiwe la Maranga

Pale Masara, kwenye machimbo, neno jiwe lina maana moja tu. Mtu akisema amepata jiwe, hakuna anayemuuliza jiwe gani. Wenzake wanaacha sururu na kusogea waone kama lina dhahabu. Kwa hiyo wiki ile simu za vijana zilipojaa habari kwamba jiwe kubwa kama mlima linakuja kutoka angani kuipiga dunia, wachimbaji hawakuogopa kama watu wengine. Waliuliza litaangukia shamba la nani.

"Profesa," mchimbaji mmoja, Okari, alimwita mzee Elkanah, akipaza sauti juu ya kelele za mashine ya kusaga mawe. "Likianguka hapa kwetu tutakuwa matajiri ama?"

"Utakuwa mvuke. Hata jivu lako halitapatikana."

"Na dhahabu yake?"

"Mvuke pia. Mtapaa pamoja, wewe na yeye, kama ulivyotaka siku zote."

Watu walicheka, na Elkanah akafurahi. Alizaliwa Karungu, kando ya ziwa, akaacha shule mapema baba yake alipokufa, na tangu hapo akajisomea mwenyewe: magazeti ya kufungia sukari, vitabu vilivyokosa majalada, redio. Maisha yake yote alilisha mashine mawe ya watu wengine. Dhahabu ilikwenda na wenyewe, vumbi likabaki kifuani mwake. Lakini alipoeleza jambo, watu walizima mashine wamsikilize, na siku ile waliizima.

"Jiwe la namna hiyo halichimbi shimo likatulia," aliwaambia. "Linakuja kwa kasi kupita risasi. Joto lake linachoma misitu ya mbali. Likipiga bahari, maji yanasimama kama ukuta na kuingia nchi kavu. Lakini kinachomaliza watu si moto wala maji. Ni vumbi. Linapanda juu, linafunika jua, na baridi inashuka. Mahindi yananyauka, nyasi zinakufa, ng'ombe anafuata, kisha wewe. Wale mijusi wakubwa wa kale, wengi hawakupigwa na jiwe lenyewe. Walikufa kwa njaa, gizani."

Okari aliacha kucheka. "Na hili la kwenye simu?"

"Uongo. Kuna watu kazi yao ni kuyatazama mawe hayo kwa darubini, na yale makubwa kabisa wanajua njia zake. Hakuna lililo njiani kuja kwetu. Washa mashine."

Mtu huyu aliyejua njia za mawe ya angani hakuwa amekanyaga kwao Karungu tangu alipomzika mama yake.

Ugomvi kati yake na kaka yake ulikuwa wa chakula. Katika boma la baba yao kulikuwa na duol, kile kibanda cha wanaume karibu na zizi. Jioni kila mke alipeleka chakula huko, na wanaume, wakubwa kwa wadogo, walikula pamoja kutoka bakuli moja la mti, kila mtu upande wake. Hapo ndipo mtu alipojua nani anaumwa, nani amekasirika, nani hajala tangu asubuhi. Leo hakuna duol. Kila mmoja amejifungia kwake na televisheni yake, na mtu anaweza kukonda mpaka akaisha, jirani yake akaja kujua anaposikia kilio.

Siku ile ya matanga ya mama, Elkanah alifika na elimu yake mpya. Alikuwa amesoma habari za vijidudu. Bakuli lilipoletwa hakunyoosha mkono. Aliomba sahani yake peke yake.

Maranga, kaka yake mkubwa, alimtazama sana. Kisha akauinua mkono wake wa kulia mbele ya wazee wote.

"Kama mkono huu ni mchafu, Elkanah, hutakula nao tena. Mpaka nikuite."

Maneno yaliyotamkwa juu ya chakula si ya kuchezea kwa watu wale. Aliyeyatamka ndiye wa kuyaondoa: anamwita mwenzake, wanalamba dawa chungu ya miti, wanakula bakuli moja, yanakwisha. Elkanah hangeweza kujialika. Basi akarudi Masara kungoja kuitwa. Zamani wazee wangewashika masikio wote wawili wakawapatanisha kabla ya mwezi kuandama. Lakini wazee wale walikuwa wanakwisha mmoja mmoja, na vijana walisema hayo ni mambo ya kizamani. Akangoja mpaka mvi zikamjaa. Rispa, mke wake, alizoea kumwona akiangalia kila mgeni aliyetokea upande wa ziwa.

Simu ililia wiki ileile ya uvumi, mchana, mashine ikinguruma.

"Elkanah."

"Nani?"

"Umesahau hata sauti? Ni Maranga."

Elkanah alitoka nje, akaziba sikio moja.

"Ndugu yangu," Maranga alisema kwa Kijaluo, polepole, kama mtu anayepanda mlima. "Kuna jiwe. Ni kubwa. Wenye kujua wamelipiga picha, wanasema halizuiliki. Njoo tule kabla halijaniangukia."

Na Elkanah akacheka. Hakucheka kwa ubaya; alicheka kwa kuona kwamba hata Maranga, mtu mgumu vile, ametishwa na simu za watoto.

"Hata wewe, kaka? Picha hizo ni za kutengenezwa! Hakuna jiwe lolote." Akaanza kumweleza: darubini, njia za angani, mijusi, vumbi. Alieleza vizuri kuliko alivyowaeleza wachimbaji.

"Kwa hiyo unasema halipo," Maranga alisema mwishowe.

"Halipo. Lala usingizi."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Simu ikakatika.

Jioni Rispa aliposikia aliweka mwiko chini. "Amekuita ukale, wewe ukamfundisha?"

"Ameniita kwa woga. Mtu akiita kwa woga, woga ukiisha atasema hakuita. Nataka aniite akiwa na akili yake."

"Kama ni uongo, si utakuwa umekula tu na ndugu yako? Nenda, baba Stanley."

"Nitakwenda uvumi ukiisha."

Zamani ujumbe wa namna ile ungebebwa na mtu kwa miguu. Angekaribishwa, angekunywa uji, angeulizwa habari za nyumbani moja baada ya nyingine, na uso wake ungesema aliyoyaficha mdomo. Simu haina uso.

Uvumi uliisha, dunia ilikuwa palepale. Elkanah alikuwa bado anapanga siku ya safari wakati Emmaculate, binti wa Maranga, alipopiga simu akilia.

Karungu, Elkanah na Rispa walikuta mahema meupe na spika kubwa. Vijana wa kukodiwa, wenye glavu, waligawa chakula: kila mtu sahani yake ya plastiki, kila mtu chupa yake ya maji. Emmaculate alimkalisha baba yake mdogo kivulini.

"Aliumwa tangu lini?" Elkanah aliuliza.

"Baba mdogo, si alikupigia? Alisema amekwambia."

"Aliniambia habari za jiwe la angani."

Msichana alimtazama bila kuelewa. "La angani? Jiwe la tumboni. Uvimbe. Tangu wampige picha kule hospitalini Homa Bay aliuita hivyo, jiwe langu. Jina alilolitaja daktari hakutaka kulitamka."

Elkanah aliisukuma pembeni sahani aliyopewa. Baadaye aliuliza, "Baada ya ile simu alisema nini?"

"Alisema, 'Elkanah anasema halipo.' Akacheka kidogo. Kisha akaniambia nilirudishe bakuli. Nilikuwa nimeshalitoa darini na kuliosha."

"Lilete."

Alilileta. Lilikuwa na ufa upande mmoja, na rangi yake imekuwa nyeusi kwa mafuta ya miaka. Elkanah alimimina humo chakula chote cha sahani yake, akalibeba mpaka pale ilipokuwa duol. Kibanda kilikuwa kimeanguka zamani. Yalibaki mafiga na kipande cha ukuta. Wapwa na wajukuu walimwangalia kutoka kwenye viti vyao, sahani mapajani, wengine wakiwa na simu mikononi. Hakuna aliyeinuka. Hawakujua kwamba bakuli likiwekwa pale mtu anakwenda kula.

Alikaa chini, akanawa, akanyoosha mkono. Alikula upande wake taratibu mpaka akafika katikati, akaacha.

Rispa alikuja kumtazama. "Malizia, chakula kinapoa."

"Hicho si changu," Elkanah alisema, akabaki amekaa pale, mkono ukimkaukia, mpaka vijana walipoanza kukunja mahema.