Bibi Harusi Akifunga Kanga

Tulikuwa watatu barazani Pongwe: mimi, binti yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyeshika simu, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mzaliwa wa kisiwani kama mimi. Wa nne hakuwapo, naye ndiye mwenye habari: mjukuu wangu, mtoto wa huyo binti yangu. Majina yao ninayo, na ya wazee wao waliotangulia ninayo, lakini wameniomba nisiyaandike. Basi nitataja mawe tu.

Mjukuu alivuka alfajiri kwenda kisiwani kwetu kupiga picha. Ndio mchezo wake, kutembea na kupiga picha za mandhari, akaziweka mtandaoni watu wazione. Za Ushongo ameshaweka, za Mkwaja ameshaweka. "Bibi, sasa zamu ya kwenu," aliniambia. Nilifurahi. Tangu miguu inikatae sijarudi kisiwani, nikasema walau nitakiona kiganjani.

Asubuhi ile picha zikawa zinaingia moja moja. Mikoko. Msikiti wetu mdogo, umepakwa chokaa mpya. Kisima.

Shemeji akacheka. "Hapo kisimani si ndipo ulipomwaga maji ulipomwona kaka yangu?"

"Niliteleza," nikamwambia.

"Uliteleza mpaka ukaolewa!"

Tukacheka sote. Kisha ikaingia picha ya fungu, ule mchanga mweupe unaotokea maji yakipwa, na mbele yake jiwe limesimama peke yake. Nililijua bila miwani. Ni Bibi Harusi.

Niwaeleze. Baina ya kisiwa na fungu upo mkondo, na maji yakipwa unauvuka kwa miguu. Sisi wanawake tulikuwa tukienda huko kutafuta pweza, na hatukuwa na saa. Saa yetu lilikuwa jiwe hilo. Maji yakilifika kiunoni tulisema Bibi Harusi kafunga kanga, na hapo mtu huacha pweza wake akatoka. Kwa sababu mkondo hujaa kabla ya fungu. Unasimama pakavu, unajiona salama, kumbe njia ya nyuma imeshafungwa. Siku moja shangazi yangu alisema, "Tangulieni, pweza huyu namtoa sasa hivi." Tulitangulia. Mwili wake tuliuona kesho yake, ufukwe wa upande wa pili.

Katika picha ya kwanza jiwe lilikuwa na miguu mikavu. Katika ya pili limesimama majini.

"Mwambie atoke," nikamwambia binti yangu.

"Mama, mbona mchanga mkavu? Hebu tazama mawingu yalivyopendeza."

"Mimi siangalii mawingu!"

Akaandika. Hakujibiwa. Ikaingia picha ya tatu: mjukuu wangu kajipiga mwenyewe, anacheka, kaligeuzia jiwe mgongo. Na Bibi Harusi kafunga kanga.

Nikawa naiona ile kanga ya maji inapanda. Na mwezi ulikuwa umetimia, maji ya bamvua, hayaji polepole hayo.

Binti yangu akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena. Shemeji akampigia jamaa yetu mmoja wa kisiwani, akamkuta mjini sokoni, kaja kuuza samaki. Toka hapo shemeji hakutania tena. Binti yangu akaifunika simu mapajani. "Mama, usinitazame hivyo," akasema.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Niliswali, wallahi sijui niliswali rakaa ngapi. Nikisujudu naisikia sauti ya shangazi, tangulieni, tangulieni.

Simu ililia kwa namba tusiyoijua. Hakuna aliyetaka kuipokea. Shemeji ndiye aliyeichukua, akanisogezea sikioni.

"Bibi, shikamoo." Sauti imekauka kwa chumvi.

"Uko wapi?" nikamwuliza.

Alikuwa kwenye nyumba ya watu, kavishwa kanga ya kuazima. Wanawake wawili waliokuwa wakirudi na pweza wao walimpigia kelele kutoka ng'ambo ya mkondo, naye akawapungia mkono, akidhani wanamsalimu. Mmoja akarudi majini kumfuata. Wakavuka wameshikana, maji shingoni. Mkoba ukaenda, na simu ikaenda.

Kwa hiyo picha zilizobaki ni zile tulizotumiwa. Mjukuu anataka kuziweka watu wazione. Nilimwambia ile ya tatu aifute, siwezi kuitazama. Akasema, "Bibi, hiyo ndiyo nitaiweka ya kwanza. Nitajie mawe niyaandike chini yake."

Nimemtajia. Linaloonekana kushoto ni Kijogoo, la chini lililolala ni Mkeka, na aliyesimama peke yake ni Bibi Harusi. Nilivyofunzwa mimi, kanga ni pale maji yanapoufika ule mstari mweusi wa chaza walioganda jiweni. Lakini ni miaka mingi, na binti yangu anasema huenda mchanga umehama. Nyinyi mliobaki kisiwani, hasa wanawake mnaokwenda pweza, itazameni vizuri picha ile. Kama nimekosea jiwe, au nimeuweka mstari juu mno, nisahihisheni upesi. Kuna mtoto wa mtu ataiona picha hiyo, apapende, aende.