Sentimita Sitini za Mjomba Sikio

Mjomba wangu haitwi jina lake. Hata hospitali nusura waandike Sikio kwenye kadi, maana aliyempeleka ni Fundi Mrefu, wamefanya kazi gereji moja miaka kumi na minane, na alipoulizwa jina la mgonjwa akabaki anakodoa macho. "Sisi tunamwita Sikio," akasema. Yaani niliposimuliwa nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba wakati huo mjomba alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, moyo unapiga mara thelathini kwa dakika, na nikaacha kucheka.

Sasa hilo jina alilipata hivi. Gari likija na mlio, mafundi wengine wanaanza kufungua fungua. Mjomba hafungui kitu. Anasema tu, "Washa." Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio la kushoto, kifua chote kimelala juu ya mashine, macho amefumba kama mtu anayepewa umbea mtamu. Dakika moja hivi. Halafu anainuka: "Pampu ya maji. Ina wiki mbili." Na kweli, wiki mbili. Watu walikuwa wanatoka mbali, wanapita gereji tano zenye kompyuta, wanakuja kwake. Mafuta mikononi hayatoki hata kwa sabuni ya unga, lakini akitembea barabarani utadhani ni daktari bingwa.

Basi akaanguka. Akawekewa kile kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, sisi nyumbani tunakiita betri. Kiko chini ya mfupa wa bega, upande wa kushoto, kimetuna kama kiberiti kilichofichwa chini ya ngozi. Siku ya kuruhusiwa tulikwenda mimi na mama, ambaye ni mdogo wake, na muuguzi wa kliniki ya moyo akatukalisha. Mama mzuri, miwani inaning'inia kwa kamba, anaongea taratibu kama anasomea watoto.

"Simu tumia, baba. Ila usiiweke mfuko wa shati upande wa kifaa, na ukiongea weka sikio la kulia. Ukipita milango ya ukaguzi, pita, usisimame hapo katikati. Wakija na kile kirungu chao cha kupekulia, onyesha kadi, waambie wasikizungushe kifuani. Sumaku weka mbali. Kuchomelea vyuma, acha kabisa."

"Sichomelei mimi," mjomba akasema. "Kwa hiyo sasa nina betri, nina waya. Bado honi tu."

Tukacheka wote, muuguzi akafuta hadi miwani. Halafu mjomba akauliza, "Na gari?"

"Panda tu, baba."

"Kutengeneza."

"Ikiwa imezimwa, hata ukitaka ingia ndani ya boneti ulale. Ikiwa inaunguruma, kifua chako kikae mbali na injini hivi." Akanyoosha mkono wote. "Sentimita sitini. Ile mitambo ya kuwasha plagi na kuchaji betri inaweza kukidanganya kifaa, kikadhani moyo umepiga wakati haujapiga. Kikinyamaza hicho, unaanguka tena."

Mjomba akautazama ule mkono wa muuguzi kama fundi cherehani anayepima kitambaa na kuona hakitoshi suruali. 

Nyumbani mama akageuka polisi. "Kaka, sogea mbali na blenda!"

"Mdogo wangu, muuguzi hakutaja blenda."

"Hakutaja kwa sababu hajaiona blenda yetu."

Ila kilichonishangaza mimi ni simu. Mama Mkate alimpigia kumjulia hali. Huyu ni mama anayesambaza mikate madukani kwa kigari chake kikuukuu, mteja wa mjomba tangu zamani, na kile kigari ndicho mume, ndicho shamba, ndicho kila kitu. Mjomba akaweka simu sikio la kulia, kama alivyoambiwa. "Ndiyo. Ndiyo. Haya. Ndiyo." Akakata.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Anasalimia."

Dakika tano hazijapita, simu ya mama ikalia. Ni Mama Mkate, na hakuwa anaongea, alikuwa anapayuka, tunamsikia wote: "Nimemuuliza kaka yako kama amepata nafuu au bado anazimia, ananijibu ndiyo! Ndiyo ipi?"

Mimi nikipata jambo siliachi. Jioni, anakula, nikasimama upande wake wa kulia nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mjomba, una siafu kwenye ndevu." Kimya. Anatafuna. Nikahamia kushoto, nikarudia. Wee! Aliruka akajipiga kofi mwenyewe, sahani chini.

Nilicheka mpaka nikaona uso wake.

"Tairi la lori lilipasuka upande huu," akasema. Akagusa sikio la kulia. "Hujazaliwa. Tangu siku hiyo hili ni la urembo."

"Mama anajua?"

"Hajui mtu. Nani atamletea gari Sikio mwenye sikio moja?"

Hapo ndipo nikaelewa alichokuwa anapima pale kliniki. Sikio zima liko kushoto. Betri iko kushoto. Kati yao haifiki hata shubiri mbili. Sikio likienda kwenye injini, betri nayo inakwenda, ni kama pacha.

Baada ya miezi miwili akarudi gereji. Kazi za gari lililozimwa alifanya vizuri: breki, springi, kubadilisha plagi. Siku moja akajisahau, akachomeka ile kalamu ya sumaku ya kuokotea nati kwenye mfuko wa shati, wa kushoto, kama alivyozoea miaka yote. Ghafla moyo ukashika mwendo wa peke yake, mbio zile zile bila kupungua, akashika meza. Fundi Mrefu akaichomoa kalamu akaitupa hadi barabarani. Moyo ukarudi. Mama aliposikia akashona mifuko ya kushoto ya mashati yote, hata la harusi.

Lakini watu hawakuwa wanamfuata kwa ajili ya breki. Walikuja na milio yao. Mwanzoni aliwaambia, "Bado napumzika, njooni mwezi ujao." Mimi nikajitia fundi wa teknolojia, nikaenda na simu, nikarekodi injini kwa karibu kabisa, nikamletea. Nikaiweka mezani, sauti hadi mwisho. Akasikiliza mara tatu.

"Hii ni sauti ya simu, mpwa wangu. Gari liko wapi?"

Akajitengenezea chuma cha kusikilizia. Mita nzima, mpini wa mbao. Akajipima kwa futi kutoka kifuani, akachora mstari wa chaki sakafuni mahali pa kusimama. Nikamuuliza kama kinaleta sauti. Akasema kile chuma kirefu ni kama kikao cha familia, wote wanaongea kwa pamoja na hakuna anayesema jambo.

Ndipo Mama Mkate akaja. Kigari kinagonga, kang kang kang, unakisikia toka kona. Mafundi wote wakaacha kazi, maana siku nyingi walikuwa hawajamwona Sikio akisikiliza.

"Baba, niambie ukweli," Mama Mkate akasema. "Kama ni kufa, nikipumzishe. Kama si kufa, kesho nina maduka kumi na manne."

Mjomba akasimama kwenye chaki. Akaweka chuma. Akafumba macho. Mimi nilikuwa namwangalia usoni, na naapa ule haukuwa uso wa mtu anayesikia. Ulikuwa uso wa mtu anayetafuta. Akahamisha chuma huku, akahamisha kule. Mguu wa kushoto ukavuka chaki kidogo. Kifua kikaanza kuinama, taratibu, kama mtu anayevutwa na kamba. Fundi Mrefu akamshika mkanda wa suruali kutoka nyuma.

"Ishia hapo, ndugu yangu."

"Kidogo tu."

"Hakuna kidogo. Mimi nasikia kama beringi za chini. Tuifungue."

Beringi za chini maana yake injini yote mezani, wiki nzima hakuna mkate. Mlio ungekuwa wa tapeti, vile vyuma vidogo vya kusukuma vali, hizo ni za juu, unazirekebisha asubuhi, mchana umeondoka. Mama Mkate akamtazama mjomba, si Mrefu. Wote walimtazama mjomba. Angeweza kusema, "Sijasikia." Neno moja tu. Nilitaka nimsemee mimi, mdomo ukawa mzito.

"Tapeti," akasema. "Ni tapeti tu."

Mrefu akaachia mkanda. Angebisha vipi? Huyu ndiye Sikio.

Wakaizima, mjomba akarekebisha tapeti mwenyewe, kwa raha, anaimba kabisa. Ilipowashwa mlio ukapungua kidogo, Mama Mkate akampigia makofi, akatuachia mkate mmoja mmoja, bado wa moto.

Siku ya tatu kigari kikarudi kimevutwa kwa kamba. Beringi zilikuwa zimekwisha, chuma cha ndani kimeitoboa injini ubavuni, tundu la kupitisha ngumi, mafuta yamemwagika barabara nzima. Nyuma mikate imekaa juani tangu alfajiri. Mama Mkate hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Hukusikia, baba?" akauliza.

Mjomba akasema, "Sikusikia."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Mjomba akainamia lile tundu. Mama Mkate akagawa mikate kwa mafundi, kwa sababu maduka yasingeipokea tena, akaondoka kwa miguu. Siku hizi anakaanga viazi mlangoni kwake. Kigari bado kipo pale gereji, nyasi zimeota hadi kwenye bampa.

Baada ya hapo hakuna aliyemwomba mjomba asikilize. Si kwa ubaya, na hapo ndipo penye shida. Mrefu aliwaambia mafundi kuhusu betri, na wao kwa upendo wao wakaanza kuzima kila injini akipita. Anakwenda kuchukua spana, wanazima. Anarudi, wanazima. Anaomba maji, wanazima. Wateja wanaguna kwenye benchi. Akaona bora achukue kazi ya kuosha vyuma uani, halafu akaona bora asiende.

"Leo huendi, kaka?" mama aliuliza asubuhi moja.

"Nikienda wanazima. Watu wana kazi zao."

Mwezi uliopita tulimpeleka kliniki akapimwe kifaa. Muuguzi akaweka kile kimashine chake kifuani, akaangalia namba, akafurahi kweli kweli.

"Baba, hii betri ni nzuri mno! Inafika miaka kumi hii!"

Mama akainua mikono akashukuru. Mimi pia nilifurahi, kwa nini nidanganye. Mjomba akawa anafunga vifungo, kimoja kimoja, kama mtu asiye na mahali pa kwenda baada ya hapo.

"Na zile sentimita sitini," akasema, "zitapungua lini?"

Muuguzi hakusikia vizuri, akauliza, "Zipi, baba?"

Mjomba akanyoosha mkono kama muuguzi alivyonyoosha siku ile.

"Aa, hizo hazipungui."

Mjomba akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akachukua kadi yake, na tukatoka.