Jogoo wa Watwangaji wa Mlabani

Haya jamani, sogeeni. Nyie wa mlangoni, ama mwingie ama mtoke, mnanizibia upepo. Karanga zimekwisha? Nani kazimaliza? Basi, nyamaza wewe unayetafuna, tumeshakujua. Nisikilizeni. Anayetaka kubisha abishe kimoyomoyo. Waliokuwepo siku ile wengi wametangulia, na wachache waliobaki watawaambia hivi hivi, tena wao wataongeza chumvi kuliko mimi.

Shule mimi niliipita kwa nje, ungo kichwani. Lakini kutwanga! Kutwanga nilifundishwa na mama, mama akafundishwa na bibi, na bibi yangu akitwanga kule Mahenge mlimani, watu wa Ifakara wakisikia wanadhani ngurumo, wanakimbia kuanua mpunga.

Sasa miaka ile ya hamsini, mashine za kukoboa zilikuwa za kuhesabu. Mlabani palikuwa na mama mmoja mjane, mtu wa kuja, ametokea Kilosa. Mumewe alipofariki alimwachia ua mpana, mwembe wa kivuli, na baiskeli. Yule mama akasema, mpunga si upo bonde zima? Akanunua vinu vitano, akaita wanawake kumi tuje tumtwangie, mchele anauza kwa bwana mmoja mwenye duka kubwa pale mjini. Huyo bwana duka naye anaupakia kwenye lori, unapita Kidatu, unakwenda kulisha watu wa mkonge. Kazi ndiyo hiyo. Watu wawili kinu kimoja, huyu anapandisha mchi, huyu anashusha, na ukikosea mwendo meno ya mwenzio unayapepeta pamoja na pumba.

Mama yule alikuwa na akili nyingi, shida yake alizileta zote siku moja. Siku ya kwanza akatuambia, "Wanangu, ujira wenu nitawapa kama tulivyopatana. Tena juu yake, chenga zote ni zenu, pelekeni nyumbani."

Tukashukuru mpaka magoti yakachubuka. Chenga si ule mchele uliovunjika? Kwa kawaida kwenye ungo mzima chenga utapata kiganja. Basi mwenyewe unajua, ukishaambiwa chenga ni yako, mchi unakuwa mzito wenyewe. Tulitwanga kwa hasira kama tunaua nyoka. Wiki ile Mlabani nzima ilipika uji wa chenga, kuku walinenepa wakashindwa kuruka, na mume wangu akaniuliza, "Mke wangu, huko kazini mnatwanga au mnasaga?"

Bwana duka alipokuja akatumbukiza mkono guniani, akautoa, akautazama kama mtu aliyeshika matope. "Mama, huu umeuandaa kwa ajili ya watu au vifaranga?"

Bwana duka akamwambia waziwazi, "Nina oda ya magunia thelathini. Lori litakuja Jumamosi ya tatu kuanzia leo, kabla mvua haijaharibu barabara. Ukinipa thelathini, punje nzima, kila msimu nitachukua kwako. Ukishindwa, naagiza mashine Morogoro, naifunga pale uani kwangu, na vinu vyako fanyeni viti."

Hapo hakuna aliyecheka. Mashine ikija, mama kwisha, na sisi kumi kwisha pamoja naye. Na mpunga wa magunia yote hayo yeye alikuwa hana. Siku ya pili yake tukamwona anatembea kwa miguu. Baiskeli ya marehemu ameiuza, mpunga umejaa uani.

Akaja na akili nyingine. Akatugawa mafungu mawili ili tushindane. Sasa yeye, kwa vile ni mgeni, akaona njia rahisi ni kutugawa kwa kwetu: Wapogoro watano upande huu, Wandamba watano upande ule. "Kila Jumamosi," akasema, "fungu litakalojaza magunia mengi litapata jogoo. Na gunia lenye chenga halihesabiwi."

Akamleta huyo jogoo tumwone. Jamani! Jogoo mwekundu, kilemba kama kofia ya askari, mapaja ukiyatazama unasikia njaa hata kama umetoka kula. Akiwika Mlabani, watu wa Lumemo wanaamka wanavaa.

Tulitwanga. Hee! Michi ilikuwa haionekani, unaona upepo tu. Mke wa mvuvi mmoja wa Kivukoni ndiye aliyekuwa kinara wa Wandamba, dada mpana, sauti ya kuitia kivuko ng'ambo. Akatupigia kelele, "Nyie watu wa mlimani, twangeni polepole, msije mkatokwa jasho mkazama, kuogelea hamjui!"

Nami nikamjibu, "Wewe twanga tu, mtani, harufu ya kambale inatutosha huku!"

Jumamosi ikafika, magunia kumi na mawili. Wapogoro saba, Wandamba matano. Tumeshinda! Mama akanikabidhi jogoo mikononi mwangu mimi, kwa heshima zote. Nikamwinua juu waone. Hapo ndipo nilipokosea, kumwinua juu. Mke wa mvuvi alinyoosha mkono mara moja tu, jogoo huyo, yumo kwapani mwake.

"Asante, mtani," akasema.

Sasa kwa nyie vijana msiojua. Sisi na wale tulikuwa watani, na mtani akichukua chako umechukuliwa. Hukasiriki. Ukinuna, unatozwa faini ya kuku wa pili. Unatakiwa ucheke, tena meno yote yaonekane. Basi wakamchinja palepale, wakampika, wakamla mbele yetu, na mke wa mvuvi alikuwa akifyonza mfupa mmoja kwa muda ambao mtu angekwenda Kivukoni na kurudi. Sisi washindi tumekaa chini tumepanga mstari, tunacheka. Mimi nilicheka mpaka machozi, ila machozi yalikuwa ya kweli.

Wiki ya pili, mama akaleta jogoo mwingine, ndugu yake yule. Akangoja ile ngurumo.

Ngurumo gani? Sisi Wapogoro tulikaa tukashauriana: tukishinda tena, watatupora tena. Afadhali washinde wao, halafu tuwapore sisi. Shauri zuri kabisa. Kumbe na wenzetu wamekaa upande wa pili wa mwembe wamepanga hivyohivyo. Basi ilikuwa wiki ya adabu. Huyu anaumwa kiuno, yule mchi umemchoma kibanzi. Mimi nilipepeta ungo mmoja kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, kila punje naitazama usoni. Mke wa mvuvi, ambaye siku zote alikuwa hana salamu ndefu, siku hiyo akaniamkia, "Dada, umeamkaje? Watoto? Mume? Kuku? Na yule mbuzi wenu aliyekuwa anakohoa, anaendeleaje?"

"Hajambo, mtani. Wewe endelea kutwanga, nisikupotezee muda."

"Aa, tangulia wewe, dada. Mgeni kwanza."

Jumamosi tukahesabu. Mawili kwetu, mawili kwao. Magunia manne wiki nzima, wanawake kumi wenye mikono yote! Jogoo akabaki amefungwa pale, anatushangaa.

Mama hakugomba. Afadhali angegomba. Aligeuza kinu kimoja akakikalia, akashika shavu. "Wanangu," akasema, "nimewakosea nini? Kumi na sita tunayo, bado kumi na manne, na wiki imebaki moja. Baiskeli nilishaiuza. Mkiona nimewapunja semeni, lakini msiniue kimyakimya."

Mke wa mvuvi akaanza kuchokora kidole cha mguu. Wenzangu wakanitazama, maana mdomo wa fungu letu ndio huu.

Nikasema, "Shikamoo mama."

"Mmeniamkia tangu asubuhi. Sema."

"Mama, kosa si lako, ni jogoo. Hapa kwetu anayeshinda anapewa, na mtani anakula. Sasa nani atatwanga ashinde, ili amtazame mwenzie anavyofyonza mifupa? Sisi tumeng'ang'ania kushindwa. Na wale nao wameng'ang'ania kushindwa."

"Kumbe na nyie?" mke wa mvuvi akaruka. "Nikasema mbona ungo mmoja unapepetwa mpaka adhuhuri!"

Mama akatutazama, huku, kule. Nikadhani atalia. Akaanza kucheka, akacheka mpaka kinu kikamwangusha. Alipoinuka akajikung'uta pumba, akauliza, "Kwa hiyo utamu wenu si kupewa. Utamu ni kupora?"

Tukainamisha vichwa. Sasa utakataa nini?

"Haya. Sheria mpya. Wiki hii fungu litakaloshindwa ndilo nitakalolikabidhi jogoo, limtunze. Na fungu litakaloshinda ndilo litakalokuwa na haki ya kumpora, lori likishajaa. Mmenisikia? Haki ya kupora ni ya mshindi."

Jamani, mnaijua mvua ya masika inavyoanza bondeni? Ndivyo tulivyoanza Jumatatu. Kinu kimoja kilipasuka, tukafunga kamba tukaendelea. Mume wangu aliniletea chakula, akasimama pembeni akaogopa kunigusa, akakiweka chini kama anamwekea simba. Kule mto Lumemo samaki walikuwa wanaruka nje kwa mtikisiko, mke wa mvuvi mwenyewe alilalamika kwamba mumewe hana kazi tena, anaokota tu. Nikamwambia, "Basi nenda ukamsaidie kuokota, mtani, jogoo utuachie!"

"Jogoo huyo nitampora mimi, na wewe nitakupa kwato!"

"Jogoo ana kwato wapi?"

"Ndiyo hivyo, hutapata kitu!"

Na chenga? Hata ya dawa hukuipata. Mama alikuwa anapita na kiganja chake, anatazama, anatikisa kichwa, anakwenda.

Jumamosi lori likaja, bwana duka mwenyewe mbele. Magunia yakatolewa ukumbini yakapangwa uani. Ya wiki ile, Wapogoro manane, Wandamba sita. Kumi na manne! Ukijumlisha na yale ya kwanza, thelathini kamili. Mama akamfungua jogoo, akawakabidhi Wandamba. Mke wa mvuvi akampokea kwa unyenyekevu, macho chini, kama anapokea mtoto wa ubatizo. Wakaenda naye nyuma ya nyumba kumtunza. Sisi tukabaki mbele na magunia yetu, lazima tuonekane. Mimi nilipanda juu ya gunia nikacheza. Nilisikia harufu ya kitunguu, sikatai, niliisikia vizuri sana. Nikasema jirani leo anakula vizuri. Nikaendelea kucheza.

Bwana duka akachoma kila gunia kwa bambo, kile kichuma cha kuchungulia nafaka, akamwaga kiganjani, akapuliza. La kwanza, la pili, mpaka la thelathini. Mama amesimama, ameshika kamba ya jogoo iliyobaki, anaikunja na kuikunjua. Bwana duka akafuta mikono.

"Mama, mashine haitoi punje nzima hivi," akasema. "Basi siagizi. Msimu ujao niwekee arobaini."

Mama akakaa chini palepale kwenye pumba. Sisi vigelegele! Magunia yakapakiwa, lori likajaa.

"Lakini niambie," bwana duka akauliza, "wiki iliyopita manne, wiki hii kumi na manne. Umewapa nini wanawake hawa?"

"Jogoo mmoja."

"Mmoja! Watu kumi?"

"Mmoja tu. Na washindi ndiyo kwanza wanakwenda kumpora."

"Hebu mleteni huyo jogoo nimwone kwa macho yangu."

Tukakunja kanga viunoni sisi watano, tayari kwa kupora, mimi mbele. Kabla hatujafika pembe ya nyumba, mke wa mvuvi akatokea, anajifuta midomo kwa ncha ya kanga, nyuma yake wenzie wanne, wametulia kama watu waliotoka misani.

"Umechelewa, bwana duka," akasema. "Tuliambiwa tumtunze mpaka lori lijae, na hawa watani zetu ni wezi. Basi tumegawana ulinzi, kila mtu kamtunza kipande chake tumboni. Anayetaka kupora, aanze na mimi!"