Matuta Nyuma ya Beu

Mjukuu wangu Hamisi aliingia nyumbani Jumapili iliyopita akinuka mafuta ya mbarika, nami nikaacha mchele niliokuwa nikichambua. Alikuwa ametoka kutazama mbio za pikipiki, zile za kuruka matuta kwenye matope, ambazo siku hizi zimeushika mji wetu wa Butembo mpaka watu wanaahirisha harusi. Rafiki yake mmoja alikuwa ametia mafuta hayo kwenye injini, kisha akampangusia mikono kwenye shati. Hamisi akaniambia kwa furaha kwamba mchezo huu ni mpya kwetu lakini utakua: uwanja utajengwa, watu watatoka Bunia na Kampala, na kutakuwa na viti. Nikamwambia akaoge. Sikumwambia kwamba habari za viti nilizisikia kabla mama yake hajazaliwa, tena kwa mtu aliyenuka vilevile. Ninyi nitawaambia, kwa sababu ninyi hamtanikatiza kila nikivuta pumzi kama afanyavyo yeye.

Tulikaa Beni, upande wa Beu. Baba alikuwa na lori jekundu, akipeleka kahawa na kurudi na chumvi na vitambaa, kama walivyofanya Waislamu wengi wa pale. Saidi, kaka yangu mkubwa, ndiye aliyekuwa fundi wa lori hilo. Mimi nilikuwa kitindamimba, msichana mwenye maswali mengi na meno machache, na nilimwita Yaya Saidi, kama tunavyowaita kaka na dada wakubwa kwetu. Alikuwa mrefu, kidole chake kimoja hakina ukucha, na alikuwa na tabia ya kuongea na injini kwa upole ambao sisi wadogo zake hatukuupata kila siku.

Nyuma ya Beu palikuwa na mteremko wa shamba la kahawa la mzungu mmoja. Zamani, kabla ya uhuru, wazungu wa mashamba walikutana hapo siku za Jumapili na kushindana kwa pikipiki zao kwenye matope. Watu wetu walikuwa na kazi yao katika mashindano hayo: kusukuma. Pikipiki ikikwama, wao waliingia matopeni mpaka magotini, wakasukuma, wakarushiwa udongo usoni, na wazungu wakacheka. Saidi alisukuma sana. Uhuru ulipokuja mzungu yule aliondoka kwa haraka, akaacha pikipiki yake imekufa ghalani. Saidi aliifungua yote, akaisafisha chuma kwa chuma, akaipaka rangi nyekundu iliyobaki ya lori la Baba. Na kwa kuwa alisikia kwamba mafuta ya mbarika huifanya injini ikimbie, aliiba chupa ya Mama, ile aliyotupakia sisi wasichana nywele. Kwa hiyo pikipiki ile ilinuka kama kichwa changu. Mama alinung'unika, lakini chupa iliyofuata hakuificha.

Ndipo mbio zikaanza upya, safari hii wasukumaji wakiwa juu ya pikipiki. Vijana wa Butembo walishuka na za kwao, mbele yao Kambale, Mnande wa Vuhovi, Mkatoliki aliyevaa rozari shingoni na koti la mvua hata jua likiwaka. Yeye na Saidi walitukanana njia nzima na kula sahani moja jioni. Watu walijaa mteremkoni. Akina mama waliacha soko, masista walisimama mbali wakijifanya wanapita tu, na hata mwalimu wetu wa Kurani alionekana. Jina la Saidi lilijulikana mpaka Kasugho, na watoto wasiomjua sura walimjua kwa ile rangi nyekundu.

Kabla ya kila mashindano, vijana walikuja na majembe, wakaongeza tuta jipya la kurukia. Walirundika udongo, wakalikanyaga, likawa refu na la mviringo juu. Hivyo sisi watoto hatukuhitaji tangazo. Tukiona udongo mbichi mteremkoni, tulijua mbio zinakuja. Matuta yalianzia chini, yakawa yanapanda kidogo kidogo kuelekea mikahawa, ile miti ya kahawa ya juu, na Saidi alikuwa ameniahidi jambo.

"Matuta ikifika kule kwa mikahawa," aliniambia, "nitakubeba mbele yangu, tuteremke yote. Batu batatoka Bunia, batatoka Kampala, kutuangalia. Tutaweka bancs pale, batu bakae kama kwa bureau."

"Na mimi nitavaa nini?"

"Utavaa meno kwanza."

Mama naye alikuja kila mara, amejitanda kitenge, akasimama mahali pamoja chini ya mteremko. Wengine wote walipiga kelele za kuhimiza. Yeye peke yake, kila Saidi alipopaa juu ya tuta, aliita kwa sauti yake nyembamba: "Polepole! Polepole, mwanangu!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama wa watu, kwenye mashindano ya mwendo, anaomba mwendo upungue. Saidi aliona haya, akamwambia siku moja mbele ya wote: "Mais Mama, hii ni course, hapana matanga!" Na Mama mwenyewe akacheka. Nakumbuka alivyocheka, amefunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

Kisha wakaja waasi waliojiita Simba. Sitasimulia yote, wengine waliona zaidi yangu. Walichukua lori la Baba siku ya kwanza. Siku ya pili wakaja kumchukua Saidi, kwa kuwa hata wao walikuwa wamesikia kwamba hakuna matope yanayomshinda. Walitaka apeleke barua zao kati ya Beni na Butembo. Baba alisimama mlangoni akasema mtoto hatoki. Mmoja wao akaweka mkuki kifuani pa Baba, bila hasira, kama mtu anayeegesha kitu ukutani. Saidi akasema, "Ninaenda." Akaenda, na kwa muda wote waliokaa Simba alikuwa akipita na kurudi, amekonda, hasemi na injini tena. Nilimuuliza mbio zitakuwa lini. Alinishika kichwa akaondoka.

Baadaye wakaja askari wa serikali pamoja na wazungu wa kukodiwa. Simba walikimbilia msituni. Saidi aliiacha pikipiki barabarani, akarudi nyumbani kwa miguu, akalala, na Mama akamfunika. Watu walitoka na majani mikononi kuwapokea askari. Tulidhani yamekwisha.

Yaliyotokea sokoni sikuyaona, nilisimuliwa nilipokuwa mtu mzima. Askari waliikokota ile pikipiki nyekundu mpaka katikati ya soko, wakaisimamisha. Mkubwa wao akauliza kwa Kilingala pikipiki ile ni ya nani: "Moto oyo ya nani?" Naye hakuuliza kwa ukali. Aliuliza akitabasamu, mkono juu ya kiti. Na watu wa Beu, ambao kwa miezi walikuwa wamenyang'anywa kila kitu, walidhani hii ndiyo serikali inayorudisha mali za watu. Wakafurahi kwa ajili ya Saidi. Wakaita jina lake wote kwa pamoja, kama walivyozoea: "Saidi! Saidi! Ni ya Saidi!" Wengine wakakimbia wenyewe kuwaonyesha askari nyumba yetu.

Mimi nilikuwa ndani na Mama, tunamenya mihogo. Nilisikia sauti zile zinakuja, watu wengi wanaita Saidi, Saidi, na moyo wangu ukaruka. Nikasema, "Mama, mbio zimeanza!" Mama aliweka kisu chini. Kilio sikumbuki. Nakumbuka Saidi akiamka na kutafuta viatu vyake, na askari akimwambia kwamba viatu si lazima. Akaniangalia, akajilamba midomo, akasema, "Nakwenda Kasese kutafuta pièces." Kwa kuwa pikipiki ilihitaji vipuri kila wakati, niliona ni jambo la kawaida kabisa. Nikamwambia aniletee peremende.

Asubuhi iliyofuata Baba alirudi nyumbani na wanaume wawili wa msikitini. Walikuwa na majembe, na miguu yao ilikuwa na udongo mwekundu mpaka magotini. Nilikuwa nimekaa kizingitini.

"Baba, mumeongeza tuta?"

Aliegemeza jembe ukutani. "Ndiyo, mama," akaniambia, akiniita kana kwamba ni mama yake, kama alivyofanya akiwa na huzuni au furaha. "Tumeongeza."

Hapakuwa na matanga. Hapakuwa na ubani wala wanawake kukaa mkekani. Askari walikuwa wamesema kwamba atakayemlilia mtu wa Simba ni wa Simba. Mama alikwenda sokoni, akapika, akanisuka nywele kwa mafuta ya mbarika, na vidole vyake vikawa vinasimama kichwani pangu, vinaendelea, vinasimama tena. Nilipouliza Saidi atarudi lini alinijibu, "Kasese hapana karibu."

Nami nilikuwa mtoto mwenye raha, jamani, hilo ndilo linalonikaba mpaka leo. Kwa sababu mteremkoni matuta yalikuwa yakiongezeka. Saidi hakuwa peke yake aliyetajwa jina wiki zile. Wakatoliki waliozikwa pale hawakuwekewa misalaba, kwa sababu ileile ya kuogopa, hivyo hakuna kilichotofautisha udongo na udongo. Yalikuwa marefu, ya mviringo juu, mabichi. Kila nilipoyaona mengine nilijiambia kwamba mchezo unakua, kama alivyosema. Yalikuwa yanakaribia mikahawa. Yaliyobaki ni machache tu, nikajiambia, Saidi atakuja na vipuri vyake, atanibeba.

Siku moja nikaamua kufanya mazoezi. Askari walikuwa wamepiga kambi kwenye ghala la kahawa hapo juu, wakikaa kwenye ngazi, wanakula maembe na kutazama watu wapitao. Nilipanda mpaka mikahawa, nikashika usukani wa hewani, nikaunguruma kwa midomo, nikateremka. Niliruka tuta la kwanza, la pili, nikaendelea. Askari walicheka na kupiga makofi. Nilipokaribia lile ambalo Baba alirudi na udongo wake, nikamwona Mama chini ya mteremko, mahali pake palepale, amejitanda, kikapu cha mboga kichwani. Alikuwa amesimama kabisa. Nikamsikia akiita, kwa sauti ileile nyembamba: "Polepole! Polepole, mwanangu!"

Miaka ikapita, askari wale wakabadilishwa. Asubuhi ya Idi moja, nikiwa msichana mkubwa mwenye meno yote, Baba alituchukua tukapanda mteremkoni. Majani yalikuwa yameota, matuta yamelala chini. Kambale alikuwa amekuja kutoka Vuhovi. Aliikokota pikipiki yake kwa mikono tangu barabarani, injini imezimwa, akaisimamisha mbali. Baba akachuchumaa mbele ya tuta lile, akaweka jiwe upande mmoja na jiwe upande wa pili, akafungua viganja, akasoma Fatiha. Nilisimama nikatazama mteremko wote, kutoka chini mpaka mikahawani, na nikayahesabu upya yale yaliyonifurahisha.

Kambale hakushindana tena, wala Beu haikuona mbio tena katika ujana wangu. Hamisi anasema wazee wa zamani hatukuupenda mchezo. Hebu fikirini. Tuliupenda mpaka tukamwita mtu kwa jina lake mbele ya waliomtafuta. Wiki ijayo anataka nikakae naye mbele, kwenye viti vya plastiki, na nimekubali kwa sababu siwezi kumweleza kwa nini nikatae.

Lakini jambo ninalorudia nikiwa peke yangu ni Mama na kikapu chake. Sasa nina watoto na nina wajukuu, naelewa alichokuwa akikitazama. Binti yake alikuwa akikimbia juu ya mwanawe, na askari wanacheka pale juu. Kama angepiga ukelele, kama angenivuta mkono nishuke, wangejua tuta hilo ni la nani na nani analilia. Hakuweza kulia, hakuweza kuniita nishuke, hakuweza hata kuharakisha hatua. Neno alilobaki nalo ni lile ambalo watu wote walikwisha kulizoea na kulicheka, na askari nao walilicheka. Sijui mpaka leo alikuwa akiniambia mimi au akimwambia Saidi.

Mimi nilidhani ananishangilia. Nikaongeza mwendo, nikaruka juu kuliko nilivyopata kuruka, nikatua katikati ya tuta kwa miguu yote miwili.