Somo la Kujisifu Chuoni Kwetu Granville

Watani wangu husema Mhaya wa Bukoba akinunua baiskeli, wilaya ya pili watajua siku hiyohiyo. Sikatai. Nilipoanzisha chuo katika gereji ya nyumba niliyopanga Granville, hapa Sydney, nilijitangaza mkuu wa chuo kabla hatujapata hata viti.

Mwenzangu katika mradi alikuwa Mkenya, mhasibu, mtu wa kubana maneno na gharama. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi. Watu wetu wengi walifika Sydney na masomo ya nyumbani, wakayafungia kabatini, wakaenda kupanga makasha ghalani Ingleburn. Sisi tungewasaidia kuyapeleka masomo hayo kwenye vyuo vya hapa yahesabiwe kama krediti, yaani sehemu ya shahada mpya. Penye pengo tungewaandaa wafanye mtihani tu, badala ya kukaa darasani upya kwa miaka. Ada ilikuwa ndogo hata mke wangu akaiita sadaka.

Hatujamaliza kupaka rangi, korona ikatufungia ndani. Gereji ikabaki na makopo yake, chuo kikahamia kwenye simu.

"Buda, hii sasa ni blessing," mwenzangu akasema. "Hakuna rent, hakuna parking. Tunasonga."

Mwanafunzi wetu wa kwanza alikuwa mama wa makamo kutoka Tanga, aliyekuwa mkunga kwenye zahanati ya kijijini kabla ya kuja kutunza wazee Doonside. Alitaka uuguzi wake utambuliwe, aingie mwaka wa pili wa shahada moja kwa moja. Chuo alichoomba kilitaka afaulu mtihani, kisha usaili mmoja kwa video aeleze aliyowahi kufanya. Alikwisha kuniambia waziwazi kwamba wakimrudisha mwaka wa kwanza, anaacha. Umri wake na zamu zake visingemruhusu kuanza upya.

Mtihani aliupita kama anayekunywa maji. Kasheshe ilianza tulipofanya mazoezi ya usaili.

"Una uzoefu gani wa kuzalisha?" nikamuuliza.

"Kidogo tu, kaka. Tulikuwa tukijitahidi. Mengine ni ya Mwenyezi Mungu."

Nikataka kulia. Hiyo kidogo yake ilikuwa nusu ya kijiji! Nikamsihi ajisifu walau mara moja. Akanijibu kwa upole wa kwao, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Dada yangu, Sydney hii hata nyanya inabandikwa stika ya kuisifia."

Basi nikaanzisha somo lisilokuwemo kwenye mtaala wowote. Kwetu mwanamume hujigamba kwa mashairi mbele ya ukumbi mzima wa harusi, kwa hiyo nyenzo ninazo. Kila jioni nilimsimamisha mbele ya kamera aseme kwa sauti, "Mimi ni hodari." Alisema akiwa amejifunika uso kwa mtandio.

"Mwalimu," mwenzangu akaingilia, "una-train nurse ama politician?"

Siku ya usaili niliruhusiwa kusikiliza, mradi nizime sauti. Kumzimia sauti Mhaya ni adhabu, lakini nilivumilia. Msaili, mama mmoja mwenye mvi, alimwomba aeleze kisa kigumu alichokutana nacho kazini. Akataja siku ya mafuriko, mama wa mapacha, damu nyingi. Nikakaa mkao wa kula. Kisha akaharibu: "We tried our best, and God helped us." Basi, amemaliza. Nilipiga meza mpaka chai ikamwagika. Msaili akafunika kalamu yake, nikajua tumekwisha.

Lakini msaili hakuaga. Akauliza mganga wa zahanati alikuwa wapi siku hiyo. Ng'ambo ya mto, daraja lilikuwa limekatika. Na muuguzi mwingine? Alikuwa msibani. Sasa nani alimhudumia yule mzazi?

Mwanafunzi wangu akainamia mikono yake.

"Me," akasema. "I was alone."

Akaanza kueleza hatua moja baada ya nyingine: alivyomkandamiza tumbo kuzuia damu, alivyompulizia pumzi pacha wa pili aliyezaliwa kimya, hadi akalia. Hakujigamba hata neno moja. Somo langu lote alilitupa, nami sijawahi kufurahi hivyo kwa kudharauliwa. Machozi yalinitoka, nikashukuru kwamba kamera yangu nayo ilikuwa imezimwa.

Jibu lilipokuja kwamba amepewa mwaka wa pili, alituunganisha mimi na mama yake Tanga kwenye simu moja. Bibi yule hakuwa na habari na krediti. Alichotaka kujua ni mwanawe aliwaambia nini hao Wazungu. Mwanafunzi wangu akamsimulia siku ile, yote.

"Siku ile naikumbuka," bibi akasema. "Ulirudi umelowa mpaka kiunoni. Nikakuuliza, kazini kwema? Ukaniambia, kwema tu, mama. Nami nikakugombeza kwa kunichafulia sakafu."