Nyembe Mbili za Shoto

Mume wangu wanamwita Shoto, hata mimi namwita hivyo. Amenyoa watu maisha yake yote kwa mkono wa kushoto, kwenye kibanda chenye kiti kimoja na kioo kilichopasuka pembeni. Sasa mkono huohuo umelala. Kiharusi kiliupitia, ukabaki unaning'inia.

Ndevu nazo hazijui habari za ugonjwa. Zilikua mpaka akawa anajikuna kutwa nzima, na mimi kutwa nzima namsikiliza. Binti yetu akataka kumwita kinyozi wa jirani. Baba yake akageukia ukutani.

"Nikanyolewe na yule mpasua vichwa? Nizikeni kwanza."

Nikasema basi nitamnyoa mimi. Akanitazama weee.

"Wewe bibi, hata kitunguu unakikata kama unapasua kuni."

"Na umekila miaka yote, mzee wangu, sahani unarudisha tupu."

Wembe wake wa kukunja ulikuwa sandukuni, umeliwa na jiwe la kunolea mpaka umekonda. Binti alikuwa ameleta mwingine mpya, mpini mweusi, unang'aa. Shoto akaamuru puto lipulizwe, lipakwe povu la sabuni, nilinyoe hilo kwanza. Ndivyo alivyowafundisha vijana wake: puto likipasuka, uso wa mtu huugusi.

Nikaanza na ule wa zamani, maana ndio ninaoujua. Paa! Povu likanirukia machoni. Nikapuliza jingine. Paa! Shoto akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, mara ya kwanza tangu augue.

"Huo umelika kwa kunifuata mimi," akasema. "Mkono wa kulia hautautii."

Nikachukua mpya. Kung'aa kote kule nilidhani ndiyo makali. Nikaupitisha kwenye vinyweleo vya mkono wangu, hakikutoka hata kimoja.

"Kijiko hicho," akasema. "Kinoe."

Basi nikawa nanoa. Ukanda wa ngozi tuliufunga kwenye kitasa cha mlango, yeye kitandani anasimamia: "Geuza kwa mgongo! Mgongo, si makali!" Nikitoka hapo nina maji ya kuchota, nina shuka zake za kufua. Mabega yakawa si yangu. Mwishowe nikanyoa puto jingine, likabaki zima, bila povu.

"Haya, tunyoe?"

Akautazama ule mpya mkononi mwangu. Nilijua anachopima. Akiukubali mpya, amekubali kwamba kibanda hakifunguliwi tena.

"Nipe wangu," akasema.

Nilichoka, jamani. Nilitaka kutupa vyote nje, na puto lake. Lakini nikampa, umekunjwa. Akaushika kwa mkono mzima, akaubana kifuani. Kisha akainua kidevu.

Nikanyoa kwa ule mpya. Chini ya sikio nikamchubua kidogo.

"Kitunguu hakijaisha?" akauliza, macho kayafumba.

"Bado nusu. Tulia."