Nzi wa Moshi wa Jepkemboi

Mwaka wa 1946 Jepkemboi alikuwa mjane, skwota, yaani kibarua aliyeruhusiwa kuishi na kufuga, katika shamba la kaburu mmoja nje ya Eldoret, mji ambao yeye na majirani zake waliuita Sisibo. Alikuwa na ng'ombe wachache, na hao ndio waliompa sauti mbele ya shemeji zake. Bila wao angekuwa mama mzee wa kupalilia mahindi ya watu.

Kwa hiyo mzungu mmoja mwenye wavu wa kunasia wadudu alipofika na karani wake, Wepukhulu, akasema hataki maziwa wala ndama, anataka nzi tu, Jepkemboi alishtuka. Kutoka Kisumu hadi Kampala, mimi ninayesimulia nimeona hivyo: mgeni anayetaka kidogo huogopwa kuliko anayetaka kikubwa. Mwaka uliotangulia mtu mwingine alikuja kwa jirani kutazama kupe tu. Mwezi uliofuata jirani akaambiwa ng'ombe wake ni wagonjwa, wakaswagwa nje ya shamba.

"Hapa hakuna nzi," Jepkemboi akasema.

Ng'ombe mwekundu akatikisa kichwa. Nzi wakaruka kutoka machoni mwake.

"Na hao, Mama?" Wepukhulu akauliza.

"Hao ni wageni. Wamekuja na nyinyi."

Wageni wakaondoka wakisema watarudi. Kesho yake, kabla hawajafika, Jepkemboi aliwasha mavi makavu ya ng'ombe, akarundika juu matawi mabichi ya mzeituni mwitu. Moshi ukajaa boma hadi ng'ombe wakakohoa. Nzi wote wakatoroka. Akaketi mlangoni, mikono kifuani, akingoja mzungu aone boma halina nzi aende zake.

Mzungu alikuja, akaingia ndani ya moshi huku machozi yakimtoka, akapiga kelele kama mtu aliyeona ndugu aliyepotea. Katikati ya moshi vijinzi vyeusi vilikuwa vinacheza, vikipanda na kushuka, vidogo kuliko punje ya wimbi. Akapitisha wavu. Halafu akapiga magoti na kioo chake cha kukuzia, akitaja huku Wepukhulu akiandika: bawa la kijivu, unyayo mpana kwenye mguu wa nyuma, vinyweleo vifupi mgongoni.

"Anasema nini?" Jepkemboi akauliza.

"Nzi huyu hufuata moshi. Na hajaandikwa popote duniani. Wewe ndiye umemwita, Mama."

Jepkemboi akageukia rundo lililokuwa likifuka. Moto aliuwasha kwa mikono yake mwenyewe.

"Ana ugonjwa?"

"Haumi, hanyonyi damu. Hana shida na ng'ombe."

"Hata yule wa kupe alisema anatazama tu. Sasa huyu aandikwe kwa nini? Kinachoandikwa hulipa kodi."

Wepukhulu akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Mama, lazima tuseme alipatikana wapi."

"Semeni ni kwa kaburu. Jikoni kwake pia kuna moshi."

Karani akatafsiri. Mzungu akatazama bomba la moshi la nyumba kubwa kule juu, akainua mabega, akaandika jina la shamba na la mwenye shamba. Jepkemboi akamtaka Wepukhulu asome, asome tena, kisha aape kwa Biblia ya misheni yao kwamba jina lake halimo.

Ndipo akachota maji, akazima moto.

Masika yalipita bila mtu kuja kuwaondoa ng'ombe wake. Nzi wa kawaida walirudi, wakajaa machoni mwa yule mwekundu, majirani wakauliza mbona siku hizi hafukizi.

"Waacheni," akasema. "Hawa tunajuana."